Bibi Afya Akagua Jumba la Mzimu

Insha ya kwanza ya wifi yangu ilirudi bila alama yoyote. Sifuri angeielewa, sifuri nayo ni hesabu. Lakini mhadhiri alikuwa ameacha patupu mahali pa alama, na juu ya ukurasa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hii ni ripoti ya ukaguzi. Naomba insha."

Aliniletea Jumapili asubuhi, nikiwa naanika nguo.

"Mwalimu," alisema. Akiniita mwalimu badala ya wifi najua kuna jambo. "Hebu soma hii uniambie kosa liko wapi. Mimi silioni."

Nikajifuta mikono, nikasoma nimesimama.

"Aina ya jengo: nyumba ya kuishi, ya mawe, ghorofa tatu. Vyumba: ishirini na viwili. Madirisha: arobaini. Madirisha yanayofunguka: mawili. Maji: kisima, hatua kumi na nne kutoka makaburi ya familia, upande wa chini wa mteremko. Choo: hakikutajwa. Wakazi: kumi na mmoja. Waliofariki: wanne. Sababu kwa maelezo ya wakazi: maiti ya dada mkubwa hutoka kaburini na kunyonya damu. Sababu kwa maoni ya mkaguzi: tazama idadi ya madirisha. Hatua inayopendekezwa: jengo lifungwe."

Nilicheka mpaka nikashika kamba ya nguo. Yeye alikuwa ananitazama tu, akisubiri nimalize.

"Wifi, umekagua riwaya."

"Nimeisoma. Nimeisoma mara mbili. Hicho choo nimekitafuta kurasa mia tatu. Watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda chooni. Halafu wanashangaa wanakufa."

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu mkubwa. Mtaa mzima unamwita Bibi Afya, na jina hilo linatokana na kazi yake, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa: kukagua nyumba, visima, mitaro, bucha na mabweni, akiwa na tochi mfukoni na kibao cha kubania karatasi kwapani. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Watu wakimwona anaingia uchochoroni huanza kufagia.

Ana desturi moja ambayo haivunji. Haingii nyumba kwa mbele. "Mbele nyumba husema uongo," huwaambia wakaguzi wapya. Huzunguka, akaanza na shimo la taka, choo, jiko, mahali pa kufulia, vyumba vya kulala. Sebuleni, ambako mwenye nyumba amemwandalia kiti na kitambaa, hufika mwisho kabisa, na mara nyingi hakai. Siku ya kwanza kuja kwetu kutambulishwa kwa wazazi alipitia uani. Mama alimkuta ameinama juu ya pipa letu la maji, gauni jipya limeloa magotini, anahesabu viluwiluwi. Mama akamwambia kaka, "Huyu ndiye. Sisi wenyewe hilo pipa hatujawahi kulichungulia."

Alipofika miaka hamsini na moja akajiandikisha chuo, masomo ya Jumamosi. Ofisini walidhani anakwenda kusomea uongozi wa afya ya jamii apande cheo. Akajiandikisha fasihi. Kaka, ambaye ni fundi saa na huzungumza huku amebana kioo jichoni, alimuuliza kwa nini.

"Afya naijua," alisema. "Nataka kujua kwa nini mtu akiugua jirani yake anatunga hadithi."

Somo lililomsumbua lilikuwa moja tu, la mwaka wa tatu, kuhusu miji ya karne ya kumi na tisa, maradhi yake, na zile hadithi za kutisha ambazo wasomi huziita za Kigothi: majumba makuukuu, mishumaa, wanawake waliopauka, maiti wasiotulia. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka katika somo hilo kwa alama tatu. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka somo lile lile mara mbili, unatoka. Miaka minne ya Jumamosi ingekwenda na maji. Na sasa kilichobaki kilikuwa insha hii, ambayo aliruhusiwa kuiandika upya, kisha kuitetea mbele ya wahadhiri wawili, Jumamosi ya mwisho wa muhula. Tulikuwa na wiki tatu.

"Nisaidie," alisema pale kambani. Katika miaka ishirini na sita ya uwifi hajawahi kuniomba kitu kingine zaidi ya ungo.

Mimi ni mwalimu wa fasihi wa sekondari. Nilipita chuo hicho hicho nikiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu hapo nimefundisha vitabu vile vile kwa watoto tofauti. Nilijua jinsi insha inavyoandikwa. Nilichokuwa nimesahau, na nilikuwa nimekisahau taratibu kiasi cha kutoona kinavyoondoka, ni jinsi kitabu kinavyosomwa na mtu anayehitaji kujua.

Tulisomea mezani kwao jikoni, baada ya vyombo kuoshwa, kaka akiwa dirishani na saa zake. Wifi hasomi ametulia. Anasoma akiinuka, anakwenda kwenye sinki, anarudi, anapiga ukurasa kwa kidole kama anagonga mlango.

"Sikia hii. Mwandishi anasema ukungu ulitanda mjini ukaingia mpaka kwenye mapafu. Unajua ule ulikuwa nini? Moshi. Moshi wa makaa ya mawe, viwanda na majiko, juu ya mto ambao ndio choo chao. Mji umejaa watu kabla haujawekwa mabomba. Familia inalala chumba kimoja, chini yake familia, juu yake familia. Na madaktari wao wengi wanaamini ugonjwa unaletwa na harufu, hasa hewa ya usiku. Kwa hiyo mwenye uwezo anafanya nini?"

"Anafunga dirisha," nilisema.

"Anafunga dirisha, anaziba nyufa kwa vitambaa. Mwizi yuko ndani, wewe unapiga komeo."

Kaka akasema bila kugeuka, "Mke wangu ameambukizwa karne ya kumi na tisa."

"Na wewe ulikuwa wapi usinikinge?"

"Nilikuwa natengeneza saa. Nilidhani utarudi."

Hakumsikiliza. Alikuwa amefika kwenye makaburi. Makaburi ya miji ile yalijaa, alinieleza macho yakimwaka, na wachimbaji walizika juu ya waliozikwa, mvua ikinyesha mifupa inatokeza. "Sasa mtu kama huyo ukimwambia maiti hawatulii, atabisha? Amewaona. Halafu kuna kifua kikuu. Shavu jekundu, macho yanang'aa, anakonda, asubuhi mdomo una damu. Anakufa. Miezi mitatu baadaye anaugua mdogo wake aliyekuwa analala naye. Ukikaa na hofu yako peke yako, wifi, unasema nini? Unasema marehemu amerudi kumchukua. Hawa waandishi hawakubuni kitu. Waliona, wakaogopa, wakakifunika shuka jeupe."

Nilikuwa nimesoma hadithi hizo chuoni, nikaandika kuhusu taswira ya giza na dhamira ya hofu, nikapata alama nzuri, na sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu chini ya shuka.

Hapo ndipo nilipomkosea. Nilimfundisha mlango wa mbele. Nilimwonyesha utangulizi unavyoanza, hoja zinavyopangwa, jinsi ya kusema "yaweza kudaiwa kwamba" badala ya "mimi nimeona". Nilimwondolea kisima, nikamwondolea ile idadi ya madirisha, nikamwondolea choo. Akaandika kila nilichomwambia kwa mwandiko wake wa fomu, herufi kubwa kubwa zilizosimama kama askari. Wiki ya pili akaipeleka kwa mhadhiri aitazame kabla ya siku yenyewe.

Mhadhiri ni mwanamke kijana, mwerevu, ambaye wifi humwita Daktari kwa heshima na "yule mtoto" akiwa hayupo. Aliirudisha na sentensi mbili: "Kama ilivyo, inaweza kupita. Lakini wewe umekwenda wapi?"

"Inaweza kupita," nilisema kwa furaha.

"Anauliza nimekwenda wapi," alisema wifi, akaikunja.

Siku ya Jumanne, zikiwa zimebaki siku nne, nilikuwa chumba cha walimu saa ya mapumziko, nasahihisha, mlango ukafunguliwa akaingia Bibi Afya na sare yake ya kazi na vumbi la mtaro hadi vifundoni. Alikuwa amepitia nyuma ya shule. Baadaye mpishi aliniambia alisimama jikoni kwake akafunua ndoo mbili bila hata kusalimia. Alinishika mkono akanitoa varandani.

"Kuna mtu wa tano," alisema.

"Wapi? Nani kafariki?"

"Kitabuni. Niliandika waliofariki ni wanne. Ni watano. Nimekosea hesabu, wifi, mimi, miaka ishirini na tisa ya kuhesabu watu. Unajua kwa nini nimekosea? Fomu inauliza wakazi. Yeye hakuwa mkazi. Alikuwa anakuja na kuondoka."

Alifungua kitabu kwenye ukingo wa varanda. Alikuwa ameweka vijiti vya kibiriti mahali patatu. Jana yake, alisema, ile insha ikiwa imemkaa kooni, alirudi akakisoma kitabu anavyokagua nyumba: aliruka sebule zote, akaruka mazungumzo ya mabwana, akasoma tu kurasa za jikoni, ngazi za nyuma na mahali pa kufulia. Haikumchukua hata saa moja, maana ni chache.

Ukurasa wa arobaini na moja, dobi anafika kuchukua mashuka ya dada mkubwa anayeumwa. Ana mikono ya kiume, anasema mwandishi, na anabeba makapu mawili. Ukurasa wa mia moja na kumi na nane, dada wa pili anaumwa, na dobi amekuja. Anabeba kapu moja, na amepumzika ngazini, na mtumishi mmoja anamtania kwamba ameanza uvivu. Ukurasa wa mia mbili na saba, msichana wa tatu yuko kitandani, madirisha yamefungwa, na mama mwenye nyumba analalamika kwamba dobi mpya anakausha mashuka vibaya.

"Dobi mpya," alisema wifi. "Basi. Wa kwanza hatajwi tena. Mwandishi amemaliza shida zake naye. Mimi nimesoma kitabu hiki mara tatu sikumwona. Daktari hajamwona. Wewe?"

Sikumwona. Nilisema ukweli.

"Na si mashuka yaliyomuua, kabla hujaniambia. Shuka halina hatia hiyo. Ni chumba. Wenyewe walisimama mlangoni na leso puani, yeye akaingia, akamwinua mgonjwa atoe shuka la chini, akamlaza. Labda walizungumza. Mgonjwa ukimtandikia kitanda lazima umwambie neno. Wiki baada ya wiki, dirisha limepigwa misumari." Alifunga kitabu. "Naandika upya."

"Wifi, zimebaki siku nne. Ile inapita. Daktari amesema inapita."

"Amesema inaweza."

"Na ukianguka?"

Alitazama uwanja wa shule, ambako watoto walikuwa wanagombania bomba la maji. Nilidhani anafikiria jibu. Kumbe alikuwa anatazama bomba. Akatoa kalamu akaandika kitu mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyotajia zile kurasa:

"Mama yangu alikuwa dobi. Hilo unalijua?"

Nilijua mama yake alifariki zamani. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza, na sasa niliona aibu kwa kutouliza.

"Alifulia nyumba saba za mtaa wetu. Nyumba mbili zikaingia kifua. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wanapitisha chakula dirishani, mama ndiye anaingia. Wakafa wawili, wa tatu akaugua. Mtu mmoja akasema, ebo, mbona kila anapofulia huyu mama panatoka maiti? Akasema mwingine, anachukua roho kwenye nguo. Hiyo ikaenea, wifi, haraka kuliko ugonjwa. Nguo wakaacha kumpa. Njiani wakawa wanavuka upande wa pili. Akaanza kukohoa yeye. Unajua walisema nini?"

"Nini?"

"Limemrudia." Alisukuma vijiti vya kibiriti vikae sawa kitabuni. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa unaniambia niandike yaweza kudaiwa kwamba."

Kengele ikalia. Nilimwambia aandike hayo, hayo hayo, kuhusu mama yake. Nilikuwa na msisimko wa mtu aliyeona dhahabu, na nadhani nilimshika bega kwa nguvu. Alinitoa mkono taratibu.

"Mama yangu si mfano," alisema. "Naandika kuhusu dobi wa kitabuni. Yule nina kurasa zake."

Siku nne hizo sikumfundisha kitu. Nilipika, nikampigia mistari kwenye karatasi, nikasoma alichoandika na kurekebisha nukta. Alirudisha kisima. Alirudisha madirisha arobaini, na yale mawili tu yanayofunguka. Aliandika kuhusu mji ule kama anayeupitia na kibao chake, akitokea nyuma: bomba, shimo, ngazi, dobi. Kaka alifunga kazi mapema siku ya Alhamisi ili atupishe meza kubwa, akasoma ukurasa mmoja, akakuna kidevu.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Wahenga hawakukagua," alisema mkewe. "Kiko hewani. Fungua dirisha hilo."

Akalifungua.

Jumamosi tulipofika, chumba kilikuwa ghorofa ya pili, viti thelathini, wanafunzi kama kumi, na wageni wachache kama mimi, maana utetezi ni wa wazi. Mbele walikaa wawili: Daktari, na profesa mmoja mzee ambaye wanafunzi humwita Mzee Nukta kwa sababu hukata alama kwa kila nukta iliyosahauliwa. Siku hiyo Mzee Nukta alikuwa na mafua. Alipiga chafya, akajifuta, akasema, "Haya mama, dakika kumi na tano. Karibu."

Wifi aliweka karatasi zake mezani. Akatazama chumba. Nilimwona anahesabu, midomo ikimtikisika, nikajua, nikaomba dunia ipasuke.

"Madirisha manne," alisema. "Linalofunguka ni lipi?"

"Samahani?" alisema Daktari.

Alikuwa ameshakwenda. La kwanza lilikuwa limegandishwa na rangi. La pili pia. Wanafunzi wa nyuma wakaanza kucheka kwa chini, na mmoja akanong'ona, "Leo tunafungiwa." La tatu alilipiga kwa kiganja kwenye kona, kama anavyowapiga watu mgongoni akiwasalimu, likatoa mlio wa rangi kuvunjika, likafunguka. Upepo ukaingia, karatasi za Mzee Nukta zikaruka.

"Mama, muda wako umeanza," alisema Daktari, na uso wake haukunionyesha kitu.

"Najua. Na hii ndiyo hoja yangu ya kwanza."

Kisha akaanza, na mimi nikaacha kuogopa. Siwezi kuandika hapa alivyosema, kwa sababu nusu yake aliisema kwa mikono. Aliwaingiza kwenye lile jumba kwa uani. Aliwapandisha ngazi za nyuma. Alisema hofu katika hadithi hizi hukaa sebuleni, imevaa vizuri, ina mshumaa, na kila mtu anaitazama. Lakini ugonjwa uliingia na kutoka kwa mlango wa watumishi, na anayetaka kujua mji ule uliogopa nini hasa, asome wale ambao mwandishi aliwapa mstari mmoja mmoja. Alisema maiti wanne wa kitabu hicho wana makaburi na mmoja ana mzimu kabisa, na wa tano ana makapu mawili, halafu moja, halafu hana jina wala msiba. Wanafunzi waliokuwa wanacheka walikuwa wanaandika.

Mzee Nukta aliinua kalamu. "Swali. Umejenga hoja kubwa juu ya mistari mitatu. Hakuna mahali kitabu kinasema dobi aliugua. Labda alipata kazi kwingine. Labda mwandishi mwenyewe hakumfikiria kabisa."

"Mkaguzi, mzee wangu, haulizi kama mwenye nyumba anajua kuna panya."

Watu wakacheka, na Mzee Nukta mwenyewe akatabasamu, lakini hakumwachia. "Sawa. Panya huacha mavi. Wewe una nini? Makapu mawili yamekuwa moja. Amepumzika ngazini. Wewe umejuaje kwamba ni ugonjwa?"

Nilimwona wifi akifungua mdomo kujibu haraka, alivyokuwa akijibu yote. Jibu likaja, lakini halikuwa lile alilokuwa ameandaa.

"Nilimbebea kapu," alisema.

Kulikuwa na mlio wa dirisha tu, lile la tatu, likicheza kwenye bawaba.

"Samahani, sijakusikia vizuri," alisema Mzee Nukta. "Ulimbebea?"

Wifi aliweka kidole kwenye karatasi yake, akakiacha hapo kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti. Nilikuwa najua, katika chumba kile chote, mimi peke yangu, kwamba angeweza kusema sasa na kila mtu angelia na wangempa alama zote.

"Nasema kapu," alisema. "Ukurasa wa kumi na nane baada ya mia. Mtu mwenye mikono ya kiume anashindwa kapu la pili, na jasho linamtoka, na mwandishi ametuambia aya ya juu kwamba ni majira ya baridi. Anapumzika kwenye ngazi saba. Hata mtumishi ameliona, ndiyo maana anamtania. Mtu akianza kutaniwa uvivu ghafla, mzee, mpime kifua."

Mzee Nukta alifungua kitabu chake. Alisoma. Alichukua muda mrefu kwa mistari michache.

"Baridi," alisema. "Ni kweli. Nimefundisha kitabu hiki miaka kumi na mitano." Akapiga chafya, akasogeza kiti chake karibu na dirisha.

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya wiki mbili. Wifi alipata sitini na sita. Alama nne zilikatwa kwa nukta. Chini ya insha Daktari alikuwa ameandika kwamba amekianza tena kitabu, safari hii kutoka jikoni, na kwamba kuna mpishi mmoja ambaye angependa wazungumze kumhusu. Siku hiyo hiyo, kwa bahati au si kwa bahati, chuo kilipokea ilani rasmi ya afya ikikipa siku kumi na nne kufungua madirisha yote yaliyogandishwa na rangi.

"Sasa umefaulu au umewafungia chuo?" aliuliza kaka.

"Nimefaulu. Wao bado."

Nilikwenda kwao kuwapongeza Jumapili, mchana, nikiwa na kuku ndani ya kapu. Nikapita mbele, wifi akaniambia ninakosa mengi. Nilikuwa na furaha isiyo ya umri wangu. Wiki ile nilikuwa nimeingia darasani na kitabu ninachokifundisha tangu mwaka wangu wa kwanza kazini, nikawaambia watoto wanitafutie anayechota maji. Walinitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha walimpata.

Kuku akiwa motoni, wifi alitoa faili kwenye droo ya meza ya kaka. Ndani kulikuwa na fomu moja ya ukaguzi, isiyo na mhuri, ya zile zinazoharibika ofisini na kutupwa. Ilikuwa imejazwa kwa zile herufi za askari. Aina ya jengo: chumba kimoja na ua. Madirisha: moja. Linalofunguka: moja. Wakazi: wawili. Aliyefariki: mmoja, kazi yake dobi. Sababu kwa maelezo ya majirani: limemrudia. Sababu kwa maoni ya mkaguzi: kifua kikuu, alichokipata kwa kuhudumia wagonjwa wa nyumba mbili ambazo ndugu hawakuingia. Tarehe ilikuwa ya jana yake. Chini alikuwa ametia sahihi.

Palikuwa na mstari mmoja umebaki, ule wa shahidi. Akanipa kalamu.

"Tia hapo."

"Wifi, mimi sikuwepo. Nilikuwa bado sijazaliwa, au natambaa."

"Ulikuwepo Jumamosi ile," alisema, akageuka kumtazama kuku.

Nikaweka karatasi juu ya meza, nikasogeza saa mbili za kaka pembeni, nikatia sahihi.